Siku Kumi na Moja za Kutafuta Makombe Tendaguru

Mbele yangu kuna madaftari mawili yenye vumbi jekundu, picha za simu zipatazo mia nne na bahasha ya risiti zilizofifia, na kwa hivyo ninajaribu kuipanga upya safari yetu ya mwezi Agosti ya kwenda Tendaguru, mkoani Lindi. Wanaolijua jina hilo hulijua kwa sababu ya dinosaria. Mimi kazi yangu ni moluska wa kale, yaani makombe, chaza na konokono waliogeuka mawe, na nilikwenda huko kwa ajili yao tu. Njia nzima niliulizwa kama nimepata mfupa, na kila mara ilinibidi nieleze kwamba sikuwa nikiutafuta.

Siku ya 1, Jumatatu 11 Agosti: Dar es Salaam hadi Lindi

Tuliondoka watatu: mimi, binti ninayemsimamia katika shahada ya uzamili, na afisa wa mambo ya kale aliyepangiwa kuambatana nasi. Basi lilitakiwa kutoka Mbagala saa kumi na mbili asubuhi, likatoka saa moja na nusu. Nauli ilikuwa shilingi 32,000 kwa kila mtu, na sanduku la nyundo na tindo likatozwa 10,000 baada ya kondakta kulijaribu kulinyanyua, kulirudisha chini na kuniuliza, “Dada, humu mmeweka injini?”

Tulivuka Rufiji kwa Daraja la Mkapa, tukapunguza mwendo Somanga, ambako mvua za mwaka 2024 zilikata barabara, tukasubiri huko karibu saa nzima magari yapishane, kisha tukala wali na samaki Nangurukuru. Baada ya hapo nililala. Lindi tuliingia jua likielekea kuzama, na chumba cha nyumba ya wageni chenye feni kilikuwa 25,000.

Siku ya 2: Lindi mjini

Siku hii ilikwenda kwenye barua. Msomaji anayefikiri mtaalamu wa visukuku huchukua nyundo na kwenda porini ajue kwamba kabla ya nyundo kuna kibali cha utafiti cha COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia), leseni ya uchimbaji ya Idara ya Mambo ya Kale, barua ya mkoa, barua ya wilaya, na mwisho kabisa mkutano wa ana kwa ana na mwenyekiti wa kijiji, ambao kwa maoni yangu ndio wenye uzito kuliko zote. Toeni nakala sita za kila karatasi kabla ya kuondoka nyumbani. Sisi tulitoa tatu, tukatumia asubuhi nzima kutafuta mashine ya kunakili iliyokuwa na wino.

Mchana tulinunua vifaa: maji lita 120, unga, maharage, dagaa, magunia, na karatasi za chooni roli arobaini. Muuza duka alizihesabu mara mbili, akanitazama kwa huruma, akauliza kama kuna mgonjwa. Nilimweleza kwamba kombe lililotoka ardhini huvingirishwa karatasi laini tabaka tatu au nne kabla ya kutiwa mfukoni, na kwamba hatujapata kitu cha bei hiyo kinachofanya kazi hiyo vizuri zaidi. Sidhani kama aliniamini.

Jioni nilikumbuka kwamba katika mji huu alizikwa William Cutler, aliyeongoza msafara wa Waingereza uliofika Tendaguru mwaka 1924 akiwa na kijana Louis Leakey, na aliyekufa kwa malaria mwaka uliofuata. Nilikwenda kuangalia kama vyandarua vyetu vina matundu. Kimoja kilikuwa nayo.

Siku ya 3: Lindi hadi Tendaguru

Kilima cha Tendaguru kipo umbali wa kilomita zipatazo 60 kaskazini-magharibi mwa mji wa Lindi. Zamani wapagazi walitembea siku tatu hadi nne wakiwa na mifupa vichwani. Sisi tulikodi gari la magurudumu manne kwa 150,000 kwa siku pamoja na dereva, mafuta juu yetu, tukahesabu kwamba tutafika saa sita mchana. Mchanga ulianza mapema, na kwenye kivuko cha pili cha kijito kikavu tairi la nyuma likapasuka. Dereva alishusha tairi la akiba, akalibonyeza kwa kidole gumba, akanyamaza. Lilikuwa halina upepo, na mwenye gari alikuwa ametuapia kwamba limejazwa jana yake.

Tulikaa chini ya mkorosho kama saa mbili. Akapita kijana wa bodaboda aliyebeba magunia ya mkaa. Hakuulizwa, alishusha magunia yake, akafunga matairi yote mawili nyuma ya pikipiki, akaondoka nayo kuelekea alikotoka. Mama mmoja aliyekuwa akipalilia shamba la jirani alituletea mihogo ya kuchemsha kwenye sufuria na chumvi kwenye jani. Kijana alirudi saa tisa, tairi moja limezibwa na jingine limejazwa, akakataa kabisa kupokea zaidi ya 5,000 ya mafuta. Jina lake ninalo daftarini, nalo litabaki humo.

Kwa atakayefuata njia hii: bonyezeni tairi la akiba wenyewe, na msitoke Lindi baada ya saa mbili asubuhi. Usiende kati ya Desemba na Mei, maana udongo ule ukilowa hushika gari kama gundi. Agosti na Septemba ndiyo miezi mizuri, hasa baada ya nyasi kuungua.

Tulifika jioni, tukajitambulisha kwa uongozi wa kijiji, na mwenyekiti akatupa mwenyeji wa kutuongoza, mzee wa miaka themanini na ushee. “Shikamoo, babu.” “Marahaba, mjukuu wangu. Mmefuata mifupa?” Nilisema hapana, nimefuata makombe. Alicheka kwa muda mrefu. “Hayo watoto huyarushia ndege shambani.”

Siku ya 4: Korongo la Tingutinguti

Siku hii nitaikalia, kwa sababu ndiyo iliyonipeleka.

Kijito cha Tingutinguti wakati wa kiangazi ni korongo la mchanga lenye kingo zilizokatwa wima, na kingo hizo ndizo tunazozihitaji, kwani kwingineko nyasi zinazomzidi mtu kimo zimefunika kila kitu. Miamba ya Tendaguru ina matabaka makuu sita. Ukianzia chini kuna Tabaka la Chini la Dinosaria, juu yake Tabaka la Nerinea, kisha Tabaka la Kati la Dinosaria, Tabaka la Indotrigonia africana, Tabaka la Juu la Dinosaria, na mwisho Tabaka la Rutitrigonia. Hebu yatazame majina hayo. Matabaka yenye mifupa iliyopeleka jina la Tendaguru duniani yanaitwa tu la chini, la kati na la juu, kwa sababu ni udongo mgumu na mchanga laini unaofanana mno, na mtu akiwekwa mbele ya moja bila kuona jirani zake atapata shida kusema ni lipi. Majina mahususi wamepewa moluska: Nerinea ni konokono, Indotrigonia na Rutitrigonia ni makombe. Wajerumani waliochimba hapa kuanzia 1909 hadi 1913, chini ya Werner Janensch na Edwin Hennig, na mwishoni Hans Reck, walijua mfupa umetoka ngazi ipi ya wakati kwa kuangalia makombe yaliyo juu yake na chini yake.

Saa tatu asubuhi binti aliita. Chini ya ukingo palikuwa na bamba la mwamba wa mchanga wenye chokaa, limeanguka kifudifudi, na tulipoligeuza watu watatu kwa mtaimbo upande wake wa pili ulikuwa umejaa Indotrigonia. Nilipiga magoti. Kombe lililokuwa karibu nami lilikuwa na upana wa kiganja, zito, lenye umbo la pembetatu iliyoviringwa, na mbavu nene zilizopinda kufuata ukingo wake. Ukilizungusha kuelekea nyuma mbavu zinakoma ghafla, na uso unabadilika kuwa wa mistari mingine kabisa, kana kwamba mafundi wawili waligawana kazi. Nililisafisha kwa brashi ya meno na sindano mpaka bawaba, pale nusu zake mbili zinapoungana, ikaonekana. Meno ya bawaba ya jamii hii ni makubwa kupita kiasi kwa mnyama wa ukubwa ule, na kila jino limechorwa mistari midogo ya kukingama kama ukingo wa sarafu. Mistari hiyo ukiiona huhitaji kuuliza familia. Ndugu zake walio hai leo, wa jenasi ya Neotrigonia, wamebaki katika maji ya Australia peke yake.

Kisha nikaanza kuhesabu, na kuhesabu ndiko kazi yenyewe. Kombe la mnyama aliyekufa hufunguka, nusu zake mbili zikaachana, na mkondo wa maji huzigeuza zilale mgongo juu, tumbo chini, kwa sababu hivyo ndivyo zinavyotulia bila kusukumwa tena. Kwenye bamba letu karibu zote zililala namna hiyo. Zile chache ambazo nusu zote mbili zilikuwa zimefungana ziliwekewa namba za peke yake, kwani mnyama wa namna hiyo alifukiwa haraka, labda na dhoruba moja, kabla ya bawaba kuoza. Hapo nilipopiga magoti, miaka milioni 150 iliyopita au pungufu kidogo, palikuwa na maji ya chumvi yasiyo na kina kirefu, yenye mkondo. Chini yetu na juu yetu ni fukwe za matope ambako dinosaria walipita. Bahari ilipanda na kushuka hapa zaidi ya mara moja, na kila ilipopanda ilijiandika kwa makombe.

Mzee alikuwa amekaa kwenye kivuli akitutazama. Aliuliza jina la kombe, nikamwambia, akakamata neno moja tu. “Indo? Hii ya Wahindi?” Swali lilikuwa zuri kuliko alivyodhani. Mwanzoni wataalamu walilihesabu kombe hili kuwa spishi ileile iliyokuwa imeelezwa kutoka Kachchh, magharibi mwa India, wakaliita Trigonia smeei. Baadaye likatenganishwa na kupewa jina la africana, lakini undugu haukukanwa. Zama hizo India na Madagaska zilikuwa bado zimeshikana, zikiwa ndiyo kwanza zinajitenga na Afrika, na bahari changa iliyopita katikati ililea makombe ya ukoo mmoja kwenye pande zote mbili. Mzee alitafakari. “Kwa hiyo ni jirani yetu aliyehama.”

Siku ya 5, Ijumaa

Tulipima ukingo wa korongo kwa fimbo ya mita moja na nusu, tukichora kila badiliko la rangi na chembe, hadi saa tano, kisha kazi ikasimama kwa ajili ya swala. Mchana wote ulikwenda kwenye kunakili vipimo.

Jioni niligundua kosa langu. Lebo za mifuko kumi na miwili niliziandika kwa kalamu niliyoiokota mezani Lindi, nikiiamini, na jasho la mikono pamoja na unyevu wa mchanga vilikuwa vimegeuza namba kuwa madoa ya buluu. Saba tulizitambua kutokana na picha. Tano hatukuzitambua, na asubuhi yake nilizirudisha korongoni, nikazimwaga nilikodhani zilitoka, nikiwa na uchungu kama wa mtu anayemwaga maziwa. Kombe ambalo hujui lilitoka sentimita ngapi juu ya tabaka lipi halina nafasi katika hesabu, hata liwe zuri namna gani. Andikeni kwa penseli, na mtie lebo ya pili ndani ya karatasi ya kuvingirishia.

Siku ya 6 na 7: Konokono na mbung'o

Siku ya sita ilikuwa nakala ya ya tano, bila kosa.

Ya saba tulishuka kutafuta Tabaka la Nerinea. Mbung'o walitufuata tangu kwenye gari. Wanapenda nguo za buluu na nyeusi, na afisa wetu aliyevaa koti la buluu alilipa kwa niaba ya wote. Nerinea ni konokono mrefu mwembamba kama parafujo, na kwa nje hana la ajabu. Uzuri wake umo ndani. Tulimpata mmoja ambaye mvua na mchanga vilikuwa vimemsaga upande mmoja kwa urefu, kama mhogo uliopasuliwa, na ndani yake kila mzunguko wa gamba ulikuwa na mikunjo iliyoingia kwenye nafasi ya mwili mpaka mnyama mwenyewe akabakiwa na ujia mwembamba wenye kona. Maabara hulazimika kumkata kwa msumeno wa almasi ili kuiona mikunjo hiyo, kwa sababu spishi hutambuliwa kwayo. Huyu alikuwa amekatwa bure.

Jirani yake palikuwa na chaza mzima kabisa na, upana wa vidole vinne pembeni, tundu tupu lenye umbo la kombe. Gamba la chaza ni kalisaiti, aina ya madini ya chokaa ambayo huvumilia. Magamba ya makombe mengi mengine yalijengwa kwa aragonaiti, aina nyingine ya madini hayo, ambayo maji yapitayo ardhini huiyeyusha upesi. Kwa hiyo orodha yoyote ya wanyama wa kale imependelea wenye magamba magumu kuyeyuka, na mwandishi asiyehesabu matundu matupu ataandika bahari iliyojaa chaza. Tulijaza matundu tisa kwa mpira laini wa kufinyangia, tukapata nakala za waliokwisha yeyuka.

Siku ya 8: Kilimani

Mzee alitupeleka kwenye mashimo ya zamani. Mengi sasa ni mabonde madogo yenye miti, na usipoambiwa utapita. Kutoka hapa zilibebwa zaidi ya tani 200 za visukuku na mawe yake, na mnyama aliyekuja kuitwa Giraffatitan amesimama Berlin tangu 1937, kimo chake mita 13.27. Kazi ya kuchimba ilifanywa na mamia ya watu wa huku, chini ya msimamizi wao Boheti bin Amrani, ambaye mikono yake ilijua kutoa mfupa uliopasuka vipande mia bila kupoteza kimoja. Mwaka 2007 dinosaria mmoja wa hapa aliitwa Australodocus bohetii kwa heshima yake, na mwingine, Wamweracaudia, amebeba jina la Wamwera, watu wa huku.

“Babu yangu alibeba,” mzee alisema. Alionyesha kwa mkono njia ilikokuwa, kuelekea pwani. “Alisema mzigo mbaya haukuwa mfupa. Mfupa umefungwa, una umbo, unakaa kichwani. Mzigo mbaya ulikuwa masanduku madogo, mazito, wasiyoambiwa ndani mna nini.” Siwezi kuthibitisha, lakini naamini najua masanduku hayo. Hennig alichapisha kazi juu ya wanyama wasio na uti wa mgongo wa Tendaguru mwaka 1914, na makombe yake hayakutembea yenyewe hadi Lindi.

Sikuwa na la kumjibu. Nilimwomba tukae, tukala boga la kuchemsha alilotupa mkewe, na nikamwonyesha kwenye daftari mahali nilipoandika kwamba sampuli zetu zinabaki nchini. Alitaka kuona mhuri. Nilimwonyesha.

Siku ya 9 hadi 11: Kurudi

Siku ya tisa nzima ilikuwa ya kuvingirisha, kufunga na kuandikisha. Afisa wa mambo ya kale alihesabu mifuko nami, mmoja baada ya mwingine, akatia saini kila ukurasa. Ilitimia mifuko 63 na bamba moja, ambalo tulilifunga kwa vitambaa vya gunia vilivyolowekwa plasta kama mguu uliovunjika. Tulifika Lindi bila pancha, tukala pweza wa nazi kwa 6,000, nikalala saa kumi na moja mfululizo.

Basini kondakta mwingine alikataa magunia. Alifungua moja, akaona mawe, akafunga, akaniuliza kama Dar es Salaam mawe yamekwisha. Kwa kanuni za usafirishaji nadhani alikuwa na haki. Mama aliyekuwa ameketi kiti cha mbele, ambaye hatukuwa tumesema naye hata neno, alimwambia, “Baba, huyu ni mwalimu, mpakilie,” naye akapakia kwa 25,000. Sijui alijuaje kwamba ninafundisha. Labda ni namna nilivyokuwa nikimweleza kondakta kuhusu lebo.

Baada ya hapo

Watu huziona siku kumi na moja za porini, nazo ni sehemu ndogo ya mwaka wangu. Tangu Septemba tumekuwa tukiosha, kuchokoa mchanga kwa sindano chini ya darubini, kupima urefu, upana na unene wa kila kombe kwa kalipa, kipimo chenye taya mbili, na kutenganisha nusu za kushoto na za kulia, maana zikitofautiana sana kwa idadi ni dalili kwamba mkondo ulizichagua. Bamba bado halijafunguliwa. Kati yake kuna vikao, mitihani ya wanafunzi na maombi ya fedha, ambayo huandikwa vizuri zaidi ukitaja dinosaria katika aya ya kwanza. Nami hutaja.

Wiki iliyopita mzee alinipigia simu kupitia kwa mjukuu wake. Mvua ya kwanza imekata ukingo karibu na shamba lake na yametokea makombe mengi, makubwa kuliko yetu, je, ayafunike? Nilimwomba asiguse, ila apige picha na aweke kitu chochote pembeni ili nijue ukubwa. Picha ilifika jioni, imepigwa kwa mkono uliotulia, jembe limelazwa sambamba na tabaka, na kando ya jembe kuna kipande cha karatasi chenye tarehe, jina la korongo na neno “JUU” lenye mshale. Vyote vimeandikwa kwa penseli.